Mashine ya Mashua Ipungukiwapo na Nguvu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la muhula huu nimeona vema niandike somo la jambo moja tu, yaani sababu za mashine ya mashua kwenda vizuri polepole, kisha ikakosa nguvu mara itiwapo mwendo wa kasi. Huenda wenzangu watokao bara wakauliza, "Mashine ya mashua yatuhusu nini sisi?" Nawaomba wasome mpaka mwisho. Aliye na pikipiki kwao, au pampu ya kumwagilia shamba, ataona ya kwamba njia ya kutafuta ugonjwa wa mashine ni ile ile. Tena liko jambo jingine nililojifunza katika likizo ya mwezi wa sita, ambalo halimo katika kitabu cha fizikia. Nalo nitalisema, ingawa lanitia haya.

MASHINE YENYEWE

Kwetu ni Mafia. Baba yangu mdogo ana mashua ya kuchukua samaki kutoka Kilindoni kuwapeleka Nyamisati, upande wa bara, karibu na midomo ya mto Rufiji. Kutoka hapo samaki huenda Dar es Salaam kwa gari. Mashua hiyo yasukumwa na mashine ya nguvu za farasi 40, ifungwayo nyuma kwenye shetri. Mashine za namna hii, ziwezazo kufunguliwa na kubebwa mpaka nyumbani, zilienea sana baada ya Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norwei akakulia Marekani, kuanza kuuza za kwake mwaka 1909.

Yafaa kwanza tujue njia ya petroli, maana asiyeijua njia hawezi kujua palipozibwa. Petroli hutoka katika tangi, ikapita katika mpira mrefu. Katikati ya mpira huo kuna kibofu cha mpira, ukubwa wake kama limau kubwa, ambacho mtu hukibonyeza kwa mkono kabla ya kuwasha ili petroli ipande. Kisha hupita katika chujio, ikaingia katika pampu ndogo ya mashine, halafu katika kabureta, ambamo huchanganyika na hewa. Mchanganyiko huo huingia katika silinda, plagi zikatoa cheche, ukawaka, pistoni zikasukumwa, na mwisho wake rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, ikazunguka ndani ya maji.

Mashine yetu ni ya zile ziitwazo za mipigo miwili. Hiyo haina oili ya kukaa ndani kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, na kwa mujibu wa kitabu chake ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

UGONJWA ULIVYOANZA

Siku ya tatu ya likizo baba mdogo alinituma nisafishe tangi la petroli. Ni tangi la bati, lenye kutu pembeni, na kifuniko chake kilikuwa kikivuja kila mashua ilipoyumba, hata petroli ikawa yamwagika chini na kutia harufu katika samaki. Nikalisugua, nikalipaka rangi nyekundu, na ule mpira mwembamba wa ndani ya kifuniko, uliokuwa umechakaa, nikautupa. Nikakata mwingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, nikautia. Kifuniko hakikuvuja tena hata tone. Baba mdogo alinisifu mbele ya nahodha, akasema, "Mnaona faida ya kusomesha watoto?" Nami nilifurahi.

Siku kama tano baada ya hapo ugonjwa ukaanza. Mashine iliwaka mara ya kwanza tu ilipovutwa kamba, ikanguruma vema, ikatoka Kilindoni bila tabu. Tulipofika maji makuu nahodha akazidisha moto, omo ikanyanyuka, na mashua ikateleza juu ya maji. Baada ya dakika mbili tatu sauti ikaanza kushuka, kama mtu anayezidiwa na usingizi. Omo ikalala, na mashua ikawa yatambaa. Nahodha akapunguza moto, mashine ikatulia. Akazidisha tena, ikataka kuzima.

Mwezi wa sita, kama wajuavyo watu wa pwani, ni wakati wa kusi. Upepo watoka kusini, na mashua ivukayo kwenda bara hupigwa na mawimbi ubavuni. Mashua isiyo na nguvu katika hali hiyo si jambo la mchezo. Siku ile tulifika, lakini kwa muda mara mbili ya desturi. Barafu ilikuwa imeyeyuka nyingi, na mnunuzi alipobonyeza changu kwa kidole, kidole kilizama. Akatoa nusu ya bei. Safari ya pili mashine ilizima kabisa katikati ya mlango, tukatweka tanga dogo la akiba, tukafika usiku.

Baba mdogo akamwita fundi. Fundi akasikiliza, akasema ni kabureta. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za kabureta, nikadakia, "Ndiyo, ni kabureta." Ikafunguliwa, ikasafishwa, fedha zikalipwa. Safari iliyofuata ugonjwa ulikuwa pale pale.

Ndipo nahodha aliposema kwamba huenda petroli ina maji, au imechanganywa na mafuta ya taa. Petroli ilikuwa ikinunuliwa na baharia wetu, kijana wa rika langu, ambaye tulisoma naye darasa moja katika shule ya msingi. Baba mdogo alikuwa amekwisha pata hasara tatu, na hasira zilikuwa karibu. Akamwita kijana yule, akamwuliza petroli nyingine aliiuza kwa nani. Kijana akaapa kwamba hakuuza. Baba mdogo hakumsadiki, akamfukuza siku ile ile, na ujira wa juma lile hakumpa.

Mimi nilikuwapo. Sikusema neno. Na kusema kweli, moyoni nilipendezwa kidogo kwamba jibu limepatikana.

MASWALI SITA

Lakini safari ya nne, kijana yule akiwa hayupo na petroli nimeinunua mimi mwenyewe, mashine ilikosa nguvu vile vile. Usiku ule sikulala vema. Nikakumbuka neno ambalo mwalimu wetu wa fizikia hulirudia kila tuingiapo maabara: tusibadili vitu viwili kwa mara moja, na tusiandike jibu kabla ya jaribio. Nikachukua daftari, nikaandika maswali. Asubuhi yake nikamwonyesha nahodha, naye, kwa kuwa ameishi na mashine kwa miaka mingi, akanisahihisha mengi. Haya ndiyo maswali, kwa utaratibu wa kuyauliza.

Swali la kwanza: Sauti ya mashine yashuka, au yapanda? Ikiwa mashine yalia sana kwa kasi lakini mashua haiendi, basi nguvu ipo ila haifiki majini. Hapo tazama rafadha. Pengine imezungukwa na nyavu au majani ya bahari. Pengine mpira wa katikati yake, uliowekwa ili kuilinda isivunjike ikigonga mwamba, umeachia na wateleza. Pengine mashine imefungwa juu mno, na rafadha yavuta hewa badala ya maji. Lakini ikiwa sauti yenyewe yashuka, endelea na swali la pili.

Swali la pili: Maji ya kupoza yatoka? Nyuma ya mashine kuna tundu litoalo mchirizi wa maji wakati wote iwakapo. Mchirizi ukiwa mdogo au ukikoma, zima upesi. Huenda mfuko wa plastiki umeziba mahali pa kuingilia maji, au lile gurudumu dogo la mpira lisukumalo maji limechakaa. Mashine ikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na nyingine za siku hizi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue.

Swali la tatu: Kibofu cha mpira kikoje wakati nguvu inapopungua? Hili ndilo swali kubwa. Mtu mmoja ashike usukani, na mwingine akitazame kibofu na kukibonyeza mara nyingi wakati ule ule sauti inaposhuka. Mashine ikipata nguvu tena, ugonjwa uko katika njia ya petroli. Na kama kibofu kimenywea, kimekuwa bapa kama kimefyonzwa, basi kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: tundu la hewa, mpira uliojikunja, au chujio lililo ndani ya tangi. Kama hakikunywea, lakini kukibonyeza kwasaidia, ishuku pampu ya mashine, au mahali ambapo mpira umepasuka na unavuta hewa. Na kama kubonyeza hakusaidii kitu, nenda mbele, kwenye kabureta na plagi.

Swali la nne: Petroli ni safi? Mimina kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na mstari kati ya viwili hivyo waonekana wazi.

Swali la tano: Plagi zote zafanya kazi? Zima mashine, uiache ipoe, uzitoe uzilinganishe. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, silinda moja haiwaki sawasawa. Zibadilishane mahali. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, tafuta kwingine.

Swali la sita: Je, ni mashine kweli? Mashua iliyoota chaza na majani chini, au iliyojaa maji ndani, au iliyopakizwa kupita kiasi, haiwezi kukimbia hata kwa mashine mpya.

TULIVYOIJARIBU YA KWETU

Tukatoka mimi, baba mdogo na nahodha, bila samaki, tukikaa karibu na pwani. Tulivaa maboya, na tulikuwa na makasia, tanga na nanga. Sauti ilishuka, haikupanda; basi swali la kwanza likapita. Mchirizi wa maji ulikuwa na nguvu. La pili likapita. Nikakitazama kibofu. Kilikuwa kimenywea kabisa, pande zake mbili zimegusana. Nilipokifinya hakikurudi katika umbo lake. Nahodha alikitazama kwa muda, akasema, "Miaka yote hii nakibonyeza asubuhi tu. Sikupata kukitazama tukiwa njiani."

Petroli nilikuwa nimekwisha itia katika chupa tangu asubuhi: ilitulia bila mstari wa maji. Lakini chupa haitoi habari ya mafuta ya taa, kwa sababu hayo huchanganyika na petroli yasionekane. Kwa hiyo tukafanya jaribio jingine. Tuliazima kwa jirani tangi pamoja na mpira wake, tukahamishia humo petroli yetu ile ile. Hatukubadili kitu kingine chochote. Tukatoka tena, nahodha akazidisha moto. Dakika mbili zikapita, tano, kumi, robo saa. Mashua ilikwenda kama siku za zamani.

Naomba wasomaji walitafakari jaribio hili, maana ni fupi lakini lasema mengi. Petroli ni ile ile: kwa hiyo si petroli. Mashine ni ile ile: kwa hiyo si kabureta, wala plagi, wala rafadha. Kilichobadilika ni tangi na mpira wake tu. Kisha tukafunga mpira wetu kwenye tangi la jirani, na mashine ikaenda vema. Likabaki tangi letu.

Hatimaye tukalirudisha tangi letu, tukatoka mpaka mashine ikaanza kuchoka. Nikaanza kukifungua kifuniko polepole, na hata kabla hakijatoka, tangi likavuta hewa kwa sauti: fusss! Mara ile ile sauti ya mashine ikapanda.

Ndipo nilipokumbuka kwamba katika safari zote, kila mashine ilipozima, tulikuwa tukifungua kifuniko kutazama kama petroli ipo, kisha ikawaka na kwenda kwa muda. Sote tulidhani imepona kwa kupumzika.

Nikakigeuza kifuniko. Katikati yake kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa, ambayo nahodha huifungua kila asubuhi bila kusahau. Lakini ndani yake ulikuwamo ule mpira wa baiskeli nilioukata mimi. Ule wa zamani ulikuwa duara lenye uwazi katikati, kama pete. Wangu ulikuwa duara zima, kama sarafu. Ulikuwa umelifunika tundu la hewa kwa ndani, na kifuniko kilikuwa kimeukaza pande zote. Skrubu ilifunguliwa kila siku, lakini ilifungua mlango ambao nyuma yake mna ukuta.

FIZIKIA YA TUNDU DOGO

Kila mtu aliyepata kutoboa kopo la maziwa ajua kwamba tundu moja halitoshi. Maziwa hutoka matone machache, kisha yakakoma. Ukitoboa tundu la pili, yanamiminika. Tundu la pili si la maziwa, ni la hewa.

Vivyo hivyo tangi la petroli. Hewa iliyotuzunguka yagandamiza kila kitu, na usawa wa bahari mgandamizo wake ni kama paskali 101,000. Petroli inapotoka katika tangi, huacha pengo. Hewa ikiingia kulijaza, mgandamizo wabaki ule ule. Hewa ikizuiliwa, ile kidogo iliyomo hutanuka, na kwa kanuni ya Boyle, ambayo imejulikana tangu mwaka 1662, mgandamizo wake hupungua.

Natufanye hesabu. Tuseme juu ya petroli mna hewa ya lita 2 tu, maana tangi limejazwa. Mashine kama yetu, ikikimbia kwa nguvu zote, yaweza kutumia lita 15 kwa saa, yaani robo lita kwa dakika. Baada ya dakika 2 nusu lita imetoka, na hewa ya lita 2 imetanuka kuwa lita 2 na nusu. Mgandamizo wake sasa ni sehemu 4 katika 5 za kwanza. Pungufu hiyo ya moja ya tano ni kama paskali 20,000, na kwa pampu ni sawa na kuambiwa ivute petroli kutoka kisima chenye kina cha mita 2 na zaidi.

Niliporudi shuleni nilimwonyesha mwalimu hesabu hii. Alinikumbusha kwamba petroli hutoa mvuke, na mvuke huo nao hujaza sehemu ya pengo, kwa hiyo pungufu halisi ni ndogo kuliko niliyoandika. Lakini hata tukiikata kwa nusu, kisima chabaki na kina cha zaidi ya mita 1, na pampu ile ndogo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Basi sasa twaelewa kwa nini mwendo wa polepole haukuwa na tabu. Mashine iendapo polepole hutumia petroli kidogo sana, na hewa iliyopenya ukingoni mwa kifuniko ilitosha. Twaelewa pia kwa nini ugonjwa ulichelewa siku tano. Mpira wa baiskeli haukutengenezwa kukaa katika petroli. Hufura. Siku za kwanza ulipitisha hewa kidogo. Ulipofura ukaziba kabisa.

Tena msomaji akumbuke habari ya oili. Katika mashine ya mipigo miwili oili huja pamoja na petroli. Mashine inayokosa petroli katika mwendo wa kasi yakosa oili pia, wakati ule ule inapoihitaji zaidi, na pistoni zaweza kuungua. Kama tungeendelea kuilazimisha, tungaliiua mashine yenyewe kwa sababu ya kipande cha mpira.

DENI LILILOBAKI

Nilikuwa nimekishika kifuniko, na wote wawili walikuwa wakinitazama. Yawezekana ningeutoa mpira ule kimya kimya, nikasema tu kwamba tundu lilizibwa na taka. Hakuna angejua. Wazo hilo lilinijia, sitaki kudanganya.

Nikasema, "Baba mdogo, nisamehe. Mpira huu niliukata mimi. Yule kijana hakuiba kitu."

Baba mdogo akauchukua mpira, akaugeuza huku na huku. Akauliza, "Mbona siku za kwanza ilikwenda?" Nikamweleza habari ya kufura. Akakaa kimya mpaka tukafika pwani. Tulipokwisha funga mashua akasema, "Wewe ulikosea kukata mpira. Kumfukuza mtu nilimfukuza mimi. Kavae shati safi, twende kwao."

Tulimkuta mama yake barazani akisuka ukili. Baba mdogo alimwamkia, akaomba radhi mbele yake, kisha mbele ya kijana mwenyewe, akampa ujira wake wa juma lile na wa siku alizokaa bure. Zamu yangu ilipofika maneno yalinipotea, nikaweza kusema tu, "Ndugu yangu, nilikuwapo nikanyamaza. Unisamehe."

Yule kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na mpira mmekwisha utoboa?"

Nikasema, "Tumeutupa. Nahodha amekata mwingine, wa mpira usioharibiwa na petroli, mfano wa pete."

Akasema, "Nitakuja nione mwenyewe."

Alfajiri alikuja. Alikifungua kifuniko, akakitazama juu na ndani, akapuliza kwa mdomo katika tundu la hewa mpaka akaridhika, ndipo akapakia barafu. Siku ile tulifika Nyamisati kwa muda wa desturi, na mnunuzi hakuona la kusema. Lakini kijana yule hakuzungumza nami njia nzima, nami sikumlaumu. Maneno kati yetu yalirudi kidogo kidogo, kabla sijarudi shule.

MAONYO MACHACHE

Kabla sijamaliza, nawaomba wale watakaotaka kujaribu wayashike haya. Usiguse rafadha mashine ikiwaka. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na petroli, na chupa ya kupimia ifungwe. Usiende kujaribu peke yako, wala mbali na pwani. Funga kamba ya usalama, ile ya kuzimia mashine, mkononi au kiunoni. Vaa boya, hata ukijua kuogelea. Badili kitu kimoja kwa mara moja, na uandike katika daftari ulichobadili na ulichokiona. Kisha anza na yasiyo na gharama: tundu, mpira, chujio. Sisi tulianza na kabureta, na fedha zile hazikurudi.

Tena, ndugu zangu, mashine ikiharibika mtu hutaka upesi jina la kulipa kosa, ama la chombo ama la mwenzake. Jina hilo lisitajwe kabla ya jaribio. Sisi tulilitaja mapema, nalo lilikuwa jina la mtu asiye na hatia, na kosa lilikuwa la yule aliyesifiwa.

Nawatakieni nyote mtihani mwema, na likizo njema kwa wale watakaosafiri kwa chombo.